Kuonana si Kuoana: Dada wa Maua Alimkubali au Alimkataa?

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Wiki iliyopita kibanda umiza cha hapa mtaani kwetu walionyesha picha ya Charlie Chaplin, ile ya dada kipofu anayeuza maua, imetafsiriwa na DJ. Mwishoni DJ akasema, "Hapo sasa wakafunga ndoa, wakaishi raha mustarehe." Mimi ndoa sikuiona. Niliona uso wa Chaplin, ua mkononi, kidole mdomoni, halafu giza. Kaka yangu anashikilia kwamba dada alimkataa, ila wenye picha waliona haya kutuonyesha. Tumebishana hadi chakula kikapoa. Nani yuko sahihi? Na mkanda ule uliishia pale kweli, au umekatwa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mwanangu.

Nianze na lililo rahisi. Mkanda haukukatwa. Picha hiyo ni City Lights, tuseme "Taa za Mji", iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Los Angeles tarehe 30 Januari 1931, na tangu usiku huo imekuwa ikiishia palepale ulipopataja: uso, ua, kidole, giza. Ndoa hakuna. Kukataliwa nako hakuna. DJ amekupa kisichokuwemo, kaka yako naye amekupa kisichokuwemo, na kati yenu watatu aliyetazama vizuri ni wewe, maana umetaja ulichokiona ukanyamaza.

Simlaumu sana DJ. Kazi yake ni kusema, na pale amekutana na picha isiyotaka kusemewa. Tena kazi yenyewe ina ukoo wa heshima kuliko anavyojua. Japani, enzi za picha bubu, walikuwepo watu walioitwa benshi. Walisimama kando ya pazia wakiwasemea wahusika wote, mwanamume kwa mwanamke, mzee kwa mtoto, na watazamaji wengine walikata tiketi kwa ajili ya benshi wao, steringi wa kwenye picha akawa jambo la pili. Kwa hiyo DJ wetu ana babu zake. Lakini mtafsiri mzuri hujua pa kufunga mdomo, na kama kuna dakika tatu katika historia nzima ya sinema ambazo mtu angepaswa kuweka maiki chini, ni hizo alizozifungisha ndoa.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenu. Nitalazimika kurudi nyuma kidogo, maana mwisho ule haueleweki kwa kutazama mwisho peke yake. Chaplin alikuwa na tukio hilo la mwisho kichwani tangu mwanzo wa kazi, na sehemu kubwa ya picha ni barabara aliyoichonga ili afike pale.

Kumbuka walivyokutana. Yule mzururaji wetu, anayechezwa na Chaplin mwenyewe, kofia yake ya duara na viatu vilivyomzidi, anataka kuvuka barabara iliyosongamana magari. Anaona njia ya mkato: anaingia ndani ya gari la kifahari lililosimama, anatokea mlango wa pili, anaufunga. Dada wa maua ameketi palepale kando. Anasikia mlango wa gari la tajiri ukifungwa na mtu akishuka. Anamnyooshea ua. Bado mzururaji hajajua kwamba haoni. Ua linaanguka, yeye analiokota, dada anaendelea kupapasa chini akilitafuta, na hapo ndipo tunapomwona akielewa. Analipa kwa sarafu yake. Kabla hajapewa chenji, mwenye gari anarudi, anaingia, mlango unalia, gari linaondoka. Dada anadhani mteja wake ameondoka akamwachia chenji. Mzururaji afanyeje? Akisema neno, atamwambia yule dada kwamba tajiri wake ni yeye huyu mwenye suruali ya viraka. Ananyata, anajikalia pembeni anamtazama. Dada anaenda kusuuza ndoo yake ya maua, anamwaga maji, yanamwagikia yeye usoni.

Mlango wa gari. Katika picha ambayo wahusika wake hawatoi sauti, hadithi yote inazaliwa na sauti ambayo sisi hatuisikii ila dada anaisikia. Chaplin alihangaika muda mrefu sana kupata njia ya kumfanya kipofu amdhanie maskini kuwa tajiri bila kadi ya maandishi (yale maneno yanayotokea kwenye pazia katikati ya picha bubu) kuja kutueleza. Alipiga tukio hilo, akalipiga tena, akaliacha, akalirudia. Hesabu inayotajwa siku zote ni mara 342. Mimi huwa nawaambia wanafunzi wangu wasishtushwe na namba, watazame matokeo: hakuna neno hata moja linaloeleza kosa la yule dada, na hakuna mtoto wa miaka saba asiyelielewa.

Halafu yupo yule tajiri mlevi. Watu wengi humwona kama kichekesho cha kujazia muda, nami nakusihi usimpite. Mzururaji anamkuta kando ya mto usiku, amejifunga kamba yenye jiwe, anataka kujizamisha. Anamwokoa. Tajiri anamkumbatia, anamwita rafiki, anamwingiza nyumbani, anamvika, anampa hadi gari. Asubuhi pombe imemtoka, hamjui. Anamtimua kama mbwa. Jioni akilewa tena, kumbatio lilelile. Inajirudia hadi unacheka kwa uchungu.

Umeona ufundi wake? Kuna mtu mmoja anayemtambua mzururaji akiwa amelewa tu, na mwingine anayempenda akiwa haoni tu. Wawili hao ndio binadamu pekee katika mji mzima wanaomtendea kama mtu, na wote wawili wanaweza kufanya hivyo kwa sababu kuna kitu kimewafunika macho. Kwa mmoja tumeshaonyeshwa, zaidi ya mara moja, kinachotokea macho yakifunguka. Kwa hiyo Chaplin anapotupeleka kwenye tukio la mwisho, ambapo dada naye macho yamefunguka, moyo wako unajua tayari wa kuogopa nini. Hofu uliyoiona kwenye uso ule pale mwishoni imelishwa na kila asubuhi ya yule mlevi.

Kisa cha fedha nitakipita haraka. Dada na bibi yake wanadaiwa kodi ya dola 22. Mzururaji anafagia barabara, anaingia ulingoni kupigana ngumi (tukio ambalo lingekuwa kilele cha picha ya mtu mwingine yeyote), anapigwa. Tajiri anarudi kutoka safari ya Ulaya, amelewa, anampa dola 1,000 za kumtibu dada macho. Wezi wamo ndani ya nyumba, polisi wanaitwa, tajiri anazindukana na kama kawaida hamkumbuki. Mzururaji ananyakua fedha na kukimbia, anampa dada, anabakiza noti moja mfukoni, dada anambusu mkono, naye anaitoa hata ile noti moja. Kisha anakamatwa.

Na hapa, mwanangu, weka alama kwenye mkono. Dada huyu hajawahi kumwona. Anamjua kwa vidole. Alimgusa akimchomekea ua kifuani, alimshika akimshukuru, alimbusu kiganja. Kuna hata kile kichekesho cha uzi, pale dada anapotaka kuviringisha uzi wake wa kufumia, anashika kwa bahati mbaya nyuzi ya fulana ya ndani ya mzururaji, anavuta, anavuta, na maskini yule mtu anakaa kimya fulana yote inamfumuka mwilini, kwa sababu kumkatiza kungemwaibisha mwenzake. Tunacheka. Lakini picha inatufundisha njia ambayo hawa wawili wanajuana: kwa mikono, na kwa gharama ya yule mwanamume.

Tufike sasa kwenye kona ile.

Ametoka jela. Amechakaa kuliko tulivyowahi kumwona. Anapita pale dada alipokuwa akikaa, hayupo. Dada kwa upande wake amepona, ana duka zuri la maua, na kila mwanamume nadhifu anayeingia anamtazama kwa namna ya mtu anayengoja mgeni. Kuna kijana mmoja wa kofia ndefu anaingia kununua maua, na unaona kabisa moyo wa dada ukiruka, kisha ukitulia. Hilo lisikupite, maana ndilo linalompa kaka yako nusu ya hoja yake: dada anamsubiri mtu, na mtu huyo ana sura aliyojichorea mwenyewe, na sura hiyo imevaa vizuri.

Nje, vijana wauza magazeti wanamchokoza mzururaji, wanampulizia punje kwa mirija, mmoja anamvuta kitambaa kilichotokeza kwenye suruali iliyochanika. Yeye anakinyang'anya, anajifutia pua, anakikunja kwa adabu zote na kukipachika mfukoni kifuani kama bwana aendaye arusini. Dada yuko ndani nyuma ya kioo, anacheka. Anacheka sana. Anamwambia aliye naye, kwa mzaha, kwamba amepata mchumba, kwa sababu yule mchafu amegeuka na kumkodolea macho.

Katika picha nzima hakuna tukio katili kuliko hilo, na limefanywa kwa upole hata ukilitazama mara ya kwanza hulisikii. Kioo cha duka kiko kati yao. Yeye aliyekuwa ameketi chini barabarani sasa yuko ndani. Aliyempandisha huko yuko nje anapigwa punje. Na dada anacheka kwa sababu sasa anaona. Macho aliyonunuliwa kwa dola 1,000 na miezi ya jela, jambo la kwanza tunaloonyeshwa yakilifanya kwa mwenye kuyalipia ni kumcheka. Picha ilipotoka, Marekani ilikuwa imeshaingia kwenye ule mporomoko wa uchumi ulioanza Oktoba 1929, na waliokaa kumbini wengine walikuwa wamebakiza hatua moja kuwa upande ule wa nje wa kioo. Sidhani walihitaji mtu wa kuwaeleza.

Halafu anamwonea huruma. Anachukua ua zima, maana lile alilookota yeye mtaroni linapukutika petali mkononi, na anachukua sarafu. Mzururaji anaona sarafu, anataka kuondoka. Dada anatoka nje. Anamnyooshea ua, mzururaji analipokea kwa kunyoosha mkono kutoka mbali kama anayeogopa kuungua. Basi dada anamshika mkono, amvute ampe na sarafu.

Walikutana yeye akimpa dada sarafu na dada akimpa ua. Wanakutana tena, ua linatoka kwa yuleyule, sarafu imegeuza njia.

Na mkono ndio unaosema. Dada anausikia kabla hajafikiri. Uso unabadilika, kicheko kinayeyuka, vidole vinapanda kwenye mkono wa koti hadi kifuani, njia ileile waliyokuwa wakipita alipokuwa haoni. Kadi inatokea: "Wewe?" Mzururaji anaitikia kwa kichwa, anaonyesha jicho, na kadi inauliza: "Unaona sasa?" Dada anajibu: "Ndiyo, naona sasa." Anaukumbatia ule mkono kifuani. Uso wa mwanamume, tabasamu ambalo ni furaha na hofu kwa pamoja, kidole na ua mdomoni kama mtoto aliyeshikwa akifanya jambo. Giza.

Kadi hizo tatu kwa Kiingereza ni maneno ya mtoto wa darasa la kwanza. Ukizileta kwetu zinapata kina ambacho Chaplin hakuwahi kukiota, kwa sababu sisi kuona hatukuachii macho peke yake. Naona baridi. Naona haya. Naona uchungu. Naona afadhali niondoke. Mama akimwambia mtoto "utaona!", hazungumzii kabisa mboni za macho. Kwa hiyo mzururaji anapouliza "Unaona sasa?", Kiswahili kinamfanya aulize maswali mawili kwa pumzi moja: macho yamepona? na, umeona basi kwamba mimi ndiye huyu? Dada naye kwa jibu moja anajibu yote mawili. Kama DJ angeachia kadi zile zisomwe kama zilivyo, akae kimya, kibanda kizima kingeelewa bila msaada wake. Picha inaishia kwenye kuonana. Yeye akadondosha herufi moja, ikawa kuoana.

Nije kwa kaka yako, maana hoja yake si ya kupuuzwa; wapo wachambuzi wazito wanaosimama karibu na pale aliposimama yeye. Watakwambia: tazama uso wa dada. Haucheki. Haukimbilii kumkumbatia mtu. Kuna mshtuko, kuna huruma, kuna kitu kinachovunjika taratibu. Ni kweli, kinavunjika. Dada amefiwa palepale barabarani na mtu ambaye hakuwahi kuwepo: tajiri wake mzuri wa sura, aliyekuwa akimngojea kila mlango wa duka ulipofunguliwa. Msiba wa mtu wa kufikirika nao ni msiba, tena huna hata pa kuweka tanga. Mwigizaji ambaye angetabasamu pale angekuwa anatudanganya.

Ila kaka ameangalia uso akasahau mkono. Mkono hajauachia. Tangu ulipomwambia huyu ni nani hadi giza linaingia, dada ameushika, na mwisho anausogeza kwake. Mtu anayekataa haushiki mkono hivyo. Picha iliyotumia saa moja na zaidi kutufundisha kwamba mkono wa dada huyu unajua kuliko macho ya mji mzima, haiwezi kutuambia dakika ya mwisho tuupuuze mkono tusome uso. Kwa hiyo nikigawa alama, DJ anapata sifuri. Kaka yako anapata nusu, kwa ule msiba.

Je, atampenda kama mpenzi? Au kama mfadhili wake, amfuturishe, ampe kazi ya kufagia petali dukani? Ukinibana ukutani nitakwambia namwona dukani, anavunja chungu kimoja kila asubuhi, na bibi anamvumilia. Lakini hiyo ni picha yangu mimi. Ya Chaplin imeshaisha, na imeisha pale kwa makusudi, kwenye sekunde ambayo yeye, mzururaji, kwa mara ya kwanza anaonekana na mtu aliye timamu na mwenye macho mazima, na bado hajajua atahukumiwaje. Wewe unataka kujua kama dada alimkubali. Yeye pia anataka kujua. Chaplin ametuweka mahali pake, akazima taa.

Chaplin alijua anachokifanya, na kilimgharimu. Upigaji picha ulianza mwishoni mwa Desemba 1928 na kuburuzika hadi 1930. Virginia Cherrill, aliyemcheza dada, hakuwa mwigizaji mzoefu. Alikuwa na macho yasiyoona mbali vizuri, na Chaplin alivutiwa na namna alivyoweza kutazama bila kutazama, maana wengine wakiigiza upofu walikuwa wakitia kichefuchefu. Hawakuelewana. Katikati ya kazi alimfukuza, akamleta Georgia Hale, aliyeigiza naye mwaka 1925, akamjaribu kwenye tukio hilohilo la mwisho. Majaribio hayo yamehifadhiwa na yametazamwa na watu tangu 1983, yalipoingizwa kwenye makala ya televisheni ya Uingereza kuhusu kazi zake ambazo hazikuwahi kuonyeshwa. Georgia ni mzuri, tena ni mwigizaji zaidi. Lakini ukimtazama unaona mtu anayeigiza kutambua. Virginia alirudishwa (akadai mshahara mara mbili, na akapewa), na usoni kwake kuna aina ya utupu ambao unakuacha umalizie mwenyewe. Ndiyo maana wewe na kaka yako mmesoma mambo mawili tofauti kwenye uso mmoja.

Kuhusu uso wake yeye mwenyewe, Chaplin alisimulia katika uzee wake kwamba alikuwa ameshapiga tukio lile mara kadhaa na kila mara lilikuwa limezidi: kuigiza kumezidi, hisia zimezidi. Mara ile iliyofaulu, alisema, alikuwa hafikirii uso wake hata kidogo. Alikuwa akimtazama dada tu, kana kwamba amesimama nje ya nafsi yake. Nakuomba uamini, hilo linaonekana. Mtu yule kwenye picha haonyeshi kitu. Anasubiri.

Halafu kumbuka mwaka. Picha zenye sauti zilikuwa zimeanza kuteka soko tangu mwishoni mwa 1927, na kufikia 1931 kutoa picha bubu kulionekana kama kuuza ngamia penye stesheni ya treni. Chaplin akakataa kumpa mzururaji wake sauti. Aliweka muziki, akauandika mwingi mwenyewe, na mwanzoni kabisa akawakejeli wenye sauti: waheshimiwa wanaozindua sanamu jukwaani wanahutubia, na midomoni mwao hautoki usemi bali mlio kama wa bata aliyebanwa na mlango. Mimi huuona mwisho ule kama sababu ya ukaidi wake wote. Ingekuwa picha ya maneno, dada angelazimika kusema kitu baada ya "naona sasa". Angesema ahsante. Angesema karibu ndani. Sentensi yoyote, hata nzuri, ingekuwa jibu, na jibu lingeua tukio. Usiku wa uzinduzi mwanasayansi Albert Einstein alikaa na Chaplin kumbini kama mgeni wake, na Chaplin ameandika kwamba tukio la mwisho lilipofika alimwona akijifuta macho. Ikiwa mtu yule hakuhitaji kuambiwa walioana ndipo alie, kibanda chenu pia kingemudu.

Umeniuliza pembeni (sikuliweka swali hilo juu, lilikuwa refu) kama picha zote bubu za mapenzi na vichekesho huishia hewani. La, nyingi ziliishia kwa busu, na Chaplin mwenyewe alikuwa ameshalitumia. The Gold Rush ya mwaka 1925, ile ya kula kiatu, inaisha mzururaji akiwa amekuwa milionea, yuko melini na mpenzi wake, wanabusiana mbele ya mpiga picha. Alipoitoa upya mwaka 1942 alilikata busu lile. Sijui mwingine nani ameweza kutazama furaha ya ujana wake akaona imezidi chumvi. Buster Keaton, mchekeshaji mwenzake wa enzi za picha bubu, kwa upande wake, alikuwa na njia ya kucheka ndoa badala ya kuikwepa. Katika Sherlock Jr. ya 1924 anacheza kijana mwonyesha sinema asiyejua kuposa, basi anachungulia picha anayoionyesha na kumwiga steringi hatua kwa hatua: anashika mikono ya binti, anambusu mikono, anamvika pete. Kisha kwenye pazia picha inaruka, na ghafla steringi amekaa na watoto wawili mapajani. Keaton anajikuna kichwa. Mwisho. Huyo ndiye ambaye DJ wako angepaswa kumtafsiri.

Hata hivyo, Taasisi ya Filamu ya Marekani ilipochagua mwaka 2008 vichekesho bora vya mapenzi vya nchi ile, nafasi ya kwanza ilikwenda kwa City Lights, picha ambayo ndani yake wapenzi hawabusiani mdomo hata siku moja, na wanaonana kwa dakika kama mbili hivi.

Nenda ukaitafute bila DJ. Ukishindwa, omba wazime sauti ya kibanda kuanzia pale anapotoka jela. Utaukosa muziki, ila utapata picha. Mkae na kaka yako, na kadi ya "Wewe?" ikitokea, mwambie asitazame uso wa mtu yeyote. Atazame mkono wa dada, kama unaachia. Na safari hii mle kwanza.